Kukopa na kuazima ni kitu kimoja? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Moshi hapa Pasua, mwezi uliopita nilimpa jirani yangu fundi mashine yangu ya kuchomelea akamalizie geti la watu, bure kabisa, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari na mimi kwa haraka zangu nikaandika "amekopa mashine moja, atarudisha Jumamosi". Sasa koili imeungua, karatasi anayo na kila nikimfuata ananionyesha hilo neno, eti imeandikwa amekopa kwa hiyo ni deni kama deni lingine, atalipa kidogo kidogo akipata.

Nimeuliza mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili akasema ukiazima unarudisha kitu kilekile, ukikopa unarudisha mfano wake, kama pesa au debe la mahindi, huwezi kurudisha mahindi yaleyale si umeshakula. Mjumbe yeye kacheka tu, anasema mtaani yote sawa.

Naombeni mnisaidie, kwenye maandishi hilo neno "amekopa" linambeba kweli wakati nimetaja mashine yenyewe? Na je tuandikishane upya au nikomae na hiihii?