Njia ya riadha uwanja wa Mkapa isiguswe

Wadau, kila ikipita dabi hoja ni ile ile: njia ya riadha pale uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar, ing'olewe, mashabiki wasogee karibu, mgeni asikie kelele masikioni. Mimi ni mtu wa mpira na tiketi yangu siku zote ni ya mzunguko, viti vya bei nafuu. Ukikaa nyuma ya goli la huku, purukushani za goli la kule huzioni. Unajua limeingia pale jukwaa la upande ule linapoinuka. Kero hiyo naijua. Bado napinga.

Majukwaa yale yalijengwa kuizunguka njia hiyo tangu uwanja unafunguliwa 2007. Ukiing'oa leo, viti 60,000 vinabaki palepale, mbali vilevile. Stuttgart kule Ujerumani walipoondoa yao ilibidi wabomoe majukwaa ya nyuma ya magoli, wajenge mapya na kushusha uwanja chini. Nani atalipia kazi hiyo hapa? Na Simba, Yanga na Taifa Stars zihamie wapi? Mei 2025 CAF, shirikisho la soka Afrika, iliukataa Mkapa kwa hali ya eneo la kuchezea tu, Simba ikaenda kucheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco kwenye uwanja wa Amaan, Zanzibar. Tuliumia sana, na hakuna jukwaa lililokuwa limebomolewa.

Ila kinachoniuma zaidi ni mbio zenyewe. Medali zetu za Olimpiki ni mbili, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5,000. Zote ni mbio za uwanjani. Halafu mtazameni Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025. Marathoni, kilomita 42, lakini dhahabu ya dunia aliichukua ndani ya uwanja, kwenye hatua za mwisho, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03! Kasi ile ya kumalizia inafundishwa kwenye njia ya riadha, mzunguko baada ya mzunguko.

Kuna wanaosema wakimbiaji wako Arusha, Manyara na Singida, sasa Dar ya nini? Hao wanafikiria mbio ndefu peke yake. Mita 100, mita 200, kuruka chini, kupokezana vijiti: hayo hayahitaji baridi ya Mbulu. Yanahitaji sehemu nzuri ya kukimbilia na kocha, na Temeke imejaa watoto wenye miguu.

Wanaosema njia yenyewe haitumiki wana haki ya kulalamika. Basi tudai itumike: mashindano ya shule za mkoa yaletwe pale, vilabu vya riadha vipewe asubuhi zao, kwa ada wanayoiweza.

Anayetaka ing'olewe aanze kwa kututajia sehemu nyingine ya hadhi ile hapa Dar ambako binti wa mita 400 ataruhusiwa kufanya mazoezi kesho asubuhi.