Blogu ya kuku na "mwonekano mpya": umetengenezewa nani huu?

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mods, naomba uzi huu ubaki hapa hapa jukwaa la ufugaji. Mkiupeleka kule kwa watu wa kompyuta utaishia kwenye mabishano ya templeti, na walioumia si wao.

Kuna blogu ya jamaa mmoja anayefuga kienyeji na chotara. Jina silitaji, wanaoijua wanaijua, na sitaki kesho aseme namharibia biashara. Haikuwa na urembo wowote: usuli mweupe, maandishi meusi, orodha ya mada pembeni, komenti chini. Lakini ilifunguka kwenye simu yoyote, hata mtandao ukiwa wa kuokoteza. Uko bandani, mkono mmoja umeshika kifaranga anayesinzia sinzia, mkono wa pili unatafuta "kinyesi cha kijani". Inakuja, unasoma, unajua la kufanya.

Sasa kaja na mwonekano mpya. Ukifungua unapokelewa na picha ya jogoo imejaa kioo kizima, tena jogoo wa zile picha za kununua mtandaoni, kazi yake kula bando tu. Ukishampita jogoo kinachomoza kidirisha: jiunge na jarida letu. Alama ya kukifunga imejificha kwenye kona, kidole kikiteleza kidogo tu umeshapelekwa kwenye tangazo la mikopo. Mada zote zimefungiwa ndani ya vile vimistari vitatu, na sisi tunaotumia kivinjari cha Opera Mini kubana bando tukivibonyeza havifunguki. Bonyeza, bonyeza, hola.

Hayo ningeyameza. Kilichonipandisha mori ni jedwali la chanjo.

Lile jedwali lilikuwa na safu tatu: ugonjwa, namna ya kutoa chanjo, na umri wa kuku. Kideri (Newcastle) siku ya 7, gumboro (ugonjwa wa virusi unaoua kinga ya vifaranga) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, ndui baadaye kwenye wiki ya sita hadi ya nane. Watu wamelinakili kwenye daftari, wamelibandika ukutani. Leo kwenye simu ile safu ya umri imemezwa na ukingo wa kioo na haivutiki. Umebaki na orodha inayokuambia kideri, gumboro, kideri, gumboro. Lini? Shauri yako! Na kideri hakina tiba, kikiingia kwenye banda ambalo halijachanjwa unaokota mizoga asubuhi. Mgeni wa ufugaji aliyefungua ukurasa ule jana kapata nini?

Halafu maandishi. Yamegeuzwa kijivu, eti ndiyo kisasa. Nimemuuliza kijana wangu anayejua mambo haya, akaniangalizia: ni kijivu chenye msimbo wa #999 juu ya nyeupe, tofauti ya rangi haifiki hata 3 kwa 1. Mwongozo wa W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, uliopo tangu 2008, unataka isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Toka na simu hiyo juani saa saba mchana uone kama utasoma chochote. Mfugaji anasomea wapi, ofisini kwenye kiyoyozi?

Na linki zimekufa. Magrupu ya WhatsApp ya wafugaji yamejaa linki za makala zake, miaka na miaka, ukibonyeza leo unaambiwa ukurasa haupo. Tim Berners-Lee, yule aliyebuni wavuti yenyewe, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri ya ukurasa haibadilishwi. Na hata ukiibadilisha, kuna namna ya kuielekeza ya zamani iende kwenye mpya, kazi ambayo fundi yeyote anaijua. Hakujisumbua.

Komenti ndizo zinaniuma kuliko vyote. Zimefutika zote. Nusu ya elimu ya blogu ile ilikuwa kwenye komenti, tusidanganyane. Makala ilisema tu "changanya chanjo kwenye maji". Ni wasomaji walioeleza kwamba maji ya bomba yana klorini inayoua chanjo, kwa hiyo unatia kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita. Ni wasomaji waliosema wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili ili wakiletewa yenye chanjo wayanywe kwa pupa, na kwamba chupa ya chanjo isafiri kwenye termosi yenye barafu, isije mfukoni mwa suruali. Watu waliandika vile bure. Leo wamefutwa bila hata kuambiwa asante.

Tumelalamika kwake. Majibu? "Mtazoea." Mtu mzima anawajibu hivyo wasomaji wake. Huku chini ya tangazo lake Instagram wamejazana: hongera kaka, imekaa kimataifa, moto sana. Wengi wao nina hakika hawana hata yai. Wameona picha ya ukurasa, hawajawahi kuutafutia kitu. Mmoja akaniambia eti watu wa umri wangu tunaogopa mabadiliko. Mimi banda langu nimelibadilisha paa, vyombo vya maji, mpaka mbegu, sasa nina Kuroiler na Sasso. Mabadiliko nayataka. Ila nikibadilisha chombo cha maji nahakikisha kuku wanakifikia.

Na asidhani msomaji hana pa kwenda. Digg, tovuti ya watu kushirikishana habari, walibadilisha mwonekano Agosti 2010, wakapuuza kelele za watumiaji, watu wakahamia kwa washindani wao Reddit kwa makundi. Julai 2012 Digg ikauzwa kwa bei ya kutupa. Reddit wenyewe walipobadilisha mwonekano 2018 waliuacha wa zamani kwenye anwani yake, anayeutaka anaingia. Wikipedia ya Kiingereza ilipobadilika Januari 2023, mwenye akaunti aliachiwa nafasi ya kurudi kwenye ule wa mwanzo. Hao ni wakubwa wenye mamilioni ya wasomaji. Huyu wetu wa mabanda mawili ndiye kashindwa?

Sitaki arudishe kila kitu. Abaki na jogoo wake kama anampenda. Arudishe jedwali lisomeke lote, maandishi yawe meusi, linki za zamani zifanye kazi, na komenti zirudi. Kama alihama templeti tu, komenti zinaweza kuwa zipo bado kwenye hifadhidata, hazionyeshwi tu. Amwambie fundi wake aangalie kabla hajafuta kabisa.

Kwa sasa, wenye linki za zamani jaribuni kuzibandika kwenye web.archive.org, tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani. Mimi nimepata makala ya gumboro na ile ya kutengeneza chakula, komenti zimekuja nusu. Ile ya kulea vifaranga kwa jiko la mkaa sijaipata. Mwenye nakala, hata kama ni picha ya kioo cha simu, aitupie hapa. Na wale wa "hongera kaka" mkija humu, semeni kwanza mna kuku wangapi.