Mama amegeuza uwanja wa nyumba kuwa shamba, nimwambieje bila kumkwaza?

Baba Wawili (mleta mada)
Habari za jioni wadau. Naomba ushauri kwa wenye busara, wenye utani pitieni pembeni.

Nina nyumba Kinyerezi, ya kawaida tu, na nyuma kuna uwanja niliouacha makusudi. Nilipanda ukoka, nia yangu Jumapili tukae pale na familia tuchome nyama. Sasa mama yangu mzazi amekuja kutembea kutoka Kilimanjaro, na huyu mama hajui kukaa bure. Alianza na tuta moja la mchicha karibu na karo, nikacheka. Likafuata tembele, bamia, nyanya chungu, mpapai, sasa kuna mpaka migomba. Ukoka haupo tena. Kwenye kona kapanda masale kabisa, utadhani tuko kijijini.

Mke wangu analalamika. Matope yanaingia ndani mpaka kwenye malumalu, bili ya maji imepanda, na juzi jirani kaniuliza kama tunauza mboga. Nataka niweke pevingi uwanja mzima. Swali langu ni dogo: mizizi ya mgomba inaweza kupasua chemba ya choo? Na nimwambieje mama?

Mtoto wa Temeke
Jirani kauliza kama mnauza mboga, wewe ukaona aibu. Mimi ningemuuliza anataka mafungu mangapi.

Fundi Chemba
Nakujibu la chemba, hayo mengine ya kwenu. Mizizi ya mgomba ni myembamba, inatambaa juu juu, haina ubavu wa kupasua ukuta wa zege. Ungeniambia mwembe au mkuyu ningekwambia uhame wewe. Ila kama chemba yako ina nyufa tayari, mzizi wowote utafuata maji.

La pevingi nakuuliza mimi: uwanja wote ukiufunika, maji ya masika yatakwenda wapi? Nimeona mtu Tabata kapiga zege ukuta hadi ukuta, mvua ya Aprili ikaingia sebuleni kwa jirani, wakapelekana kwa mjumbe. Na mjumbe mwenyewe aliingiliwa na maji hayo hayo.

Sauti ya Kifua
Nyumba moja haina majemadari wawili. Mwanaume toa amri, mambo yaishe. Halafu migomba inaleta mbu.

Mama Nasri
Wewe Sauti ya Kifua unayeishi chumba kimoja, amri unampa nani? Hata mbu nao tuwaache. Mwaka 2019 dengue ilivyotuchezesha hapa Dar, kwetu Magomeni hakukuwa na mgomba hata wa dawa. Kulikuwa na matairi, makopo na ndoo zenye maji yaliyolala.

Turudi kwenye mada. Huyu baba kaanza na chemba ili asiseme la moyoni. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Lindi nilikuwa nimepanga, uwanja hamna. Akachukua ndoo tupu za rangi, akazitoboa chini, akapanda mchaichai na mrehani kwenye korido. Nilikasirika, maana korido ni ya wapangaji wote. Wiki chache mbele wapangaji wale wale wanabisha hodi wanaomba jani la chai. Mwenye nyumba ndiye alikuwa wa kwanza.

Bwana Shamba wa Moro
Mleta mada, migomba kaipanda mama mwenyewe? Imefikia wapi?

Baba Wawili
Kaipanda yeye. Mmoja una mkungu tayari. Mwanangu wa kiume kila asubuhi kabla gari la shule halijafika lazima akahesabu vichana, akirudi anahesabu tena asije akawa kaibiwa. Dada yake ana kazi ya konokono, anawaokota kwenye tembele jua halijatoka, bibi anamlipa shilingi hamsini kwa kopo. Nilimkuta siku moja anawarudisha kwenye tembele jioni ili kesho awaokote tena alipwe. Mchicha tuliokuwa tunawabembeleza wale, siku hizi wanauchuma wenyewe. Bibi kawafundisha kuukata kwa ukucha juu kidogo ya kifundo, shina linabaki linachipua upya. Ikifika jioni wote wako nyuma, mama yao naye kavuta kigoda anachambua mboga huko huko, taarifa ya habari naangalia peke yangu.

Lakini hilo silo nililouliza.

Chai Chungu
Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga. Mama "amekuja kutembea", kapanda mgomba, mgomba una mkungu. Huyu bibi anatembea au amehamia?

Bwana Shamba wa Moro
Hapo ndipo nilipokuwa nampeleka. Mchicha wiki tatu hadi nne unakata. Bamia miezi miwili hivi unachuma. Lakini mgomba kutoka chipukizi mpaka mkungu, hata uunyweshe na kuupa samadi kila leo, hesabu karibu mwaka. Hakuna matembezi ya namna hiyo.

Chai Chungu
Tena nimefukua. Huyu huyu aliwahi kuleta uzi akiuliza mashine ya kufulia inayomfaa mtu aliyepanga ghorofa ya tatu Sinza. Leo ana nyumba, uwanja na shamba la ndizi. Ongeza sukari mkuu.

Mtoto wa Temeke
Maandazi nimeshaleta. Nani ana vikombe?

Baba Wawili
Nilipanga Sinza huku najenga Kinyerezi. Kwani ninyi mlizaliwa mkiwa na hati mkononi?

Haya. Mama yuko hapa tangu mwaka jana. Baba alifariki, kihamba, yaani shamba la ukoo, kikabaki kwa mdogo wetu wa mwisho kama desturi yetu ilivyo. Mdogo wetu ana mke wake na mambo yake, mama akawa hana kauli hata kwenye mibuni aliyoipanda kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyemfuata. Alikataa. Akaniuliza, "Dar nitafanya nini mwanangu, nikae kwenye kochi nisubiri giza liingie?" Nikamwambia kuna uwanja nyuma, atalima.

Ndiyo, nilisema. Lakini nilimaanisha tuta la kujichangamshia, sikumaanisha uwanja mzima. Mama amevuka miaka 70, mgongo unamsumbua, na watu hawakosi la kusema: mtoto kamleta mama yake mjini kumlimisha. Nataka apumzike. Pevingi ni kwa faida yake.

Mama Nasri
Pole kwa msiba wa baba. Sasa sema kweli, mkeo analalamika au unalalamika wewe kwa mdomo wake?

Baba Wawili
La matope alilisema. Mengine nimemsoma tu usoni.

Dada wa Madale
Mimi nina swali dogo kama lako. Pevingi unataka kuweka, au umeshalipia?

Baba Wawili
Nimetoa kianzio. Fundi anakuja Jumamosi, na kianzio akishakula hakitapiki. Lakini elewa dada, nahitaji pa kuegesha gari. Mvua zikianza tairi zinazama.

Mtoto wa Temeke
Gari gani mkuu?

Baba Wawili
Liko kwenye mchakato. Bado sijaagiza.

Mtoto wa Temeke
Kwa hiyo mgomba wenye mkungu unapisha gari lililoko Japani.

Chai Chungu
Lingekuwa Japani ningemwelewa. Liko kichwani.

Mwana wa Kibosho
Nimesoma kimya tangu juu, ila uliponigusa ni pale ulipoyataja masale kwa dharau. Wewe ni mtoto wa mlimani, usijifanye hujui. Sale ndilo mpaka wa kihamba. Mama kapoteza kihamba kimoja, kaja kwako kaweka mpaka wa kingine, na wewe mwenyewe ndiye uliyemwonyesha mahali. Kwetu mtu akikosa hubeba sale akaenda kuomba msamaha, na anayeletewa ni vigumu kukataa. Sasa Jumamosi fundi akishayang'oa yote, Jumapili utamwendea mama na nini mkononi? Risiti ya pevingi?

Mama yangu alikaa kwa kaka Mbagala. Chumba kizuri, feni, runinga ya ukutani. Kila siku aliuliza basi la Moshi linaondoka saa ngapi, na siku moja akaondoka nalo kweli, hakuaga mtu.

Sauti ya Kifua
Mnamlea huyu. Bado nasema amri.

Bwana Shamba wa Moro
Tuache amri tufanye kazi. Mleta mada, tofali si umeshazilipia? Zitumie.

Gari halihitaji uwanja mzima, linahitaji mistari miwili ya tairi kutoka getini. Weka hapo. Matope yanatoka kwenye njia ya mlango wa jikoni, hapo nako weka, na ndoo ya kunawia miguu mlangoni. Za kubaki, mjengee mama matuta ya kuinuka mpaka usawa wa kiuno, ajaze udongo na samadi iliyooza vizuri. Ya kuku ikiwa mbichi itaunguza mchicha wote, usije ukanilaumu. Hapo atalima amesimama, habari ya mgongo umeipunguza.

Bili ya maji: majani makavu ya mgomba yasichomwe, yatandazwe juu ya udongo. Mchanga wetu wa pwani haukai na maji, ukiuacha uchi unamwagilia jua. Mwagilieni jioni. Maji ya kuoshea mchele na mboga yapelekeni kwenye mashina ya migomba.

Baba Wawili
Nimekuelewa. Ila bado naona kama hamnielewi mimi. Nyumba nimejenga kwa jasho, uwanja niliuwaza tangu msingi, na sasa nikitaka kukaa nje naomba nafasi kati ya bamia.

Dada wa Madale
Nyama choma si unaweza kuchomea chini ya mgomba? Ndizi zenyewe ziko pale pale.

Chai Chungu
Mimi bila picha siamini. Weka mkungu.

Baba Wawili
[picha]
Huyo aliyesimama na kidole hewani ni mwanangu, yuko kwenye hesabu zake.

Chai Chungu
Aisee. Huo ni mshare huo, na umejaa kweli. Chai naifuta. Chipukizi zake mnauza? Niko Goba, naweza kuja hata kesho.

Bwana Shamba wa Moro
Ukienda chagua lenye majani membamba yaliyosimama, shina nene chini. Yale ya majani mapana yakiwa bado madogo achana nayo, yanachelewa.

Mtoto wa Temeke
Dakika kumi zilizopita alikuwa mwendesha mashtaka, sasa ni mteja.

Baba Wawili
Chai Chungu, bei apange mama, mimi simo. Njoo jioni ndiyo utamkuta shambani. Na fundi Jumamosi anakuja kama nilivyosema, ila nimempigia aanzie upande wa geti.