Ujumbe wa dharura baharini: urudiwe mpaka uitikiwe, au utumwe mara mbili bila kungoja jibu?

Fundi wa Chumbageni: Ndugu zangu wa Tanga, wavuvi wa mwalo wa Deep Sea wameuliza redio za data zitakazofungwa kwenye boti zao zipangwe vipi. Mimi nasimama upande wa kuitikiana. Kipokezi cha pwani hukagua kila pakiti, yaani kipande cha ujumbe, kwa hesabu iliyoambatishwa mwishoni. Ikilingana hujibu kwamba kimepokea, na jibu lisipofika, mtambo wa boti huituma tena wenyewe bila nahodha kugusa kitu. Ni kama hodi: unabisha mpaka uitikiwe. Njia hii si ngeni, kwani Mholanzi van Duuren aliitumia kwenye telegrafu ya redio katika miaka ya 1940. Wavuvi wetu hupiga kelele mara moja redioni wakadhani wamesikika. Mtambo hauna tabia hiyo.

Nahodha wa Kigombe: Bwana Fundi, nitaanza na hilo neno "kelele". Mtu ambaye chombo chake kinaingia maji, mkono mmoja uko kwenye usukani na wa pili kwenye ndoo, hapigi kelele; anaita. Tena sisi tumefundishwa kwamba hodi ni mara tatu, na usipoitikiwa unaondoka. Huo mtambo wako utaondoka lini?

Binti Ngamiani: Shikamoo Nahodha. Umegusa penyewe, kwa sababu mtambo usiowekewa kikomo cha kurudia ni hatari. Boti moja yenye antena mbovu itarudia pakiti ileile bila kikomo, na walio kwenye chaneli hiyo watakosa nafasi ya kusema.

Mwalimu wa Pangani: Mbona hata tahadhari za hali ya hewa ambazo meli hupokea kwenye masafa ya redio ya kilohezi 518, kama nakumbuka vizuri, huenda kwa kuitikiana, na hazina shida?

Binti Ngamiani: Hapana, Mwalimu. Zile hutangazwa kwa meli zote kwa pamoja, na meli zote haziwezi kujibu. Kwa hiyo kila herufi hutumwa mara mbili, ya pili ikifuata baada ya milisekunde 280, ili mshindo wa radi ulioharibu ya kwanza usiikute ya pili. Kuitikiana ni kwa njia ndugu yake, ya meli moja na kituo kimoja: herufi tatu hutumwa kwa milisekunde 210, kisha mtambo hunyamaza milisekunde 240 ukisikiliza jibu. Kila herufi ina biti saba, yaani alama ndogo za aina mbili: nne za aina moja na tatu za nyingine, hivyo kipokezi kikihesabu tano kwa mbili hujua imeharibika na huomba irudiwe. Hata hivyo, biti moja ya kila aina zikigeuka kwa pamoja, hesabu hutimia na kosa hupita.

Fundi wa Chumbageni: Nahodha, neno "kelele" nalifuta, na uniwie radhi. Lakini hodi tatu ni adabu ya mgeni anayeomba kuingia, na anayezama si mgeni. Huyo abishe hata mara mia.

Nahodha wa Kigombe: Nimekusamehe, ila hujanijibu. Kaskazi iliyopita injini ya mpwa wangu ilizimika usiku, akatuma ujumbe kwa kifaa kinachoitikiwa kama unavyotaka. Kioo kikamwandikia "Umepokewa". Kilichoitika ni kipokezi, kwani kwenye kiti cha zamu hapakuwa na mtu. Alikaa mpaka alfajiri akilitazama neno lile, na hakutuma tena, maana aliamini ameshasikika.

Binti Ngamiani: Pole sana, Nahodha. Jibu la kipokezi husema tu kwamba biti zimefika zikiwa nzima. Jibu la mtu linapaswa kuwa ujumbe mwingine kabisa, unaobonyezwa na aliye zamu baada ya kusoma, na kioo kiandike maneno mawili tofauti: "Umefika" na "Umesomwa".

Mwalimu wa Pangani: Naliondoa lile la kilohezi 518. Lakini atakayebonyeza "Umesomwa" saa nane za usiku ni nani?

Nahodha wa Kigombe: Hilo ndilo swali langu tangu mwanzo, ingawa sikuliweka vizuri. Kikao kitaje majina ya watu wa zamu kwanza, ndipo tuchague mtambo.

Fundi wa Chumbageni: Niandikeni mimi usiku wa Jumanne na wa Ijumaa.