Kreni ya tani 25 au ya tani 50 kwa ghala la korosho, njia ya Naliendele?

Msimamizi wa Naliendele:

Habari zenu ndugu zangu wa ujenzi. Ninasimamia ujenzi wa kiwanda kidogo cha kubangulia korosho, njia ya kwenda Naliendele hapa Mtwara, na nimefikia mahali ambapo sitaki kuamua peke yangu. Jengo lina upana wa mita 24 na urefu wa mita 60. Nguzo ni za chuma zenye kimo cha mita 7, zimepangwa kila baada ya mita 6, kwa hiyo kuna kenchi 11, yaani fremu za kubeba paa, za kupandisha. Kila kenchi ikishaungwa bolti chini ina uzito wa tani 1.4, na kilele cha paa kitakuwa mita 9.5 kutoka usawa wa jamvi, yaani sakafu ya zege. Misingi ya nguzo imekwisha kukauka, ila jamvi bado hatujalimwaga.

Mwenye mradi ana bei mbili mezani: kreni ya lori ya tani 25 iliyopo hapa hapa mjini, na ya tani 50 itakayotoka Dar es Salaam, ambayo safari yake ya kuja na kurudi, zaidi ya kilomita 550 kila upande, tutailipia sisi. Yeye anaitaka ya tani 50 kwa hoja kwamba kubwa haishindwi na kazi. Kuna na jamaa yake aliyemshauri asimike kreni ya mnara kama zile anazoziona kwenye maghorofa ya Dar. Mimi naona ya tani 25 inatosha, lakini kuona si kupima, na sitaki mtu aumie kwa makadirio yangu. Nipime nini hasa kabla sijatia saini? Tunataka paa liwe limefunikwa kabla ya Oktoba, msimu wa korosho unapofunguliwa.

Mhandisi wa Shangani:

Ndugu Msimamizi, nianze na namba iliyoandikwa ubavuni mwa kreni, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wenye miradi wengi. Kreni inayoitwa ya tani 25 huinua tani 25 mzigo ukiwa karibu nayo kabisa, kwa kawaida mita 3 tu kutoka kitovu inachozungukia, mkono ukiwa umefupishwa na miguu yote minne imetandazwa hadi mwisho. Mashine hiyo hiyo mzigo ukiwa mita 10 hubakiwa na tani 6 au 7, na ukifika mita 16 hubakiwa na tani 3 au pungufu, kwa sababu kinachoipindua kreni ni uzito ukizidishwa kwa umbali. Kila mashine ina jedwali lake la mizigo ndani ya chumba cha opereta. Omba nakala ya jedwali la kreni ile ile utakayoikodi, usikubali la mashine inayofanana nayo.

Sasa njoo kwenye kenchi yako. Kwenye tani 1.4 ongeza uzito wa ndoano, silingi (kamba za kufungia mzigo kwenye ndoano) na boriti ya kuinulia, kwa sababu vyote hivyo vinaning'inia kwenye mkono na jedwali huvihesabu kama mzigo. Tuseme jumla ni tani 1.8. Ukisimamisha kreni nje ya jengo, kitovu chake kikiwa mita 4 kutoka ukutani, itabidi ifikie katikati ya upana, mita 12 nyingine, yaani mita 16. Ya tani 25 itaweza, lakini utakuwa umetumia sehemu kubwa ya uwezo wake, na mkono utapita karibu mno na vichwa vya nguzo. Ukiisimamisha ndani, kwenye mstari wa katikati, ikawa inarudi kinyumenyume fremu baada ya fremu, umbali unashuka hadi mita 7 hivi, na hapo ya tani 25 ina nguvu mara kadhaa ya unachohitaji. Sharti lake ni kwamba jamvi lisubiri mpaka kenchi ziishe. Mimi binafsi sipandishi mzigo unaozidi robo tatu ya kile jedwali linachoruhusu, hata opereta akiniapia.

Kuhusu kreni ya mnara, hiyo ni mashine ya jengo linalopanda juu kwa miezi mingi, ambako kila siku kuna nondo, mbao za fomu na ndoo za zege za kupandisha mara kadhaa kwa saa. Inadai msingi wake wa zege, umeme wa kutosha, na kreni nyingine ya lori kuja kuisimika na baadaye kuja kuishusha. Kwa paa la kenchi 11 huwezi kuirudisha gharama hiyo.

Nina swali moja kabla hujaamua: je, ndani ya jengo hilo kuna kitu chochote kizito kuliko kenchi?

Msimamizi wa Naliendele:

Ahsante sana Mhandisi. Swali lako limenifanya nirudi kwenye michoro, na nimeona nililisahau boila la kuchemshia korosho kabla ya kubanguliwa. Lina tani 6 likiwa tupu, linakaa juu ya kitako cha zege chenye kimo cha nusu mita, katika fremu ya mwisho upande wa barabarani. Mbaya zaidi ni kwamba linategemewa kufika Agosti, na sisi tulipanga paa liishe Julai. Nimepima: paa likiwa tayari, kreni ikasimama nje ya ukuta wa mbele, boila litakuwa mita 14 kutoka kitovuni. Basi huenda mwenye mradi alikuwa sahihi kuhusu ya tani 50?

Mhandisi wa Shangani:

Hapo ndipo penyewe. Boila ndilo linalochagua kreni, kenchi zinafuata tu. Tani 6, pamoja na ndoano na silingi tani 6.4, kwa mita 14: ya tani 25 haiwezi, isijaribiwe kabisa. Ya tani 50 ingeweza kwa uzito, lakini angalia kuna nini juu ya hicho kitako wakati huo. Kuna paa. Mkono wa kreni hauwezi kupita chini ya kenchi kwa pembe unayoihitaji, kwa hiyo hata hiyo ya tani 50 ungeilipia safari nzima ya kutoka Dar ije isimame nje ikilitazama boila.

Dawa ni mpangilio wa kazi. Anza kenchi upande wa nyuma, ukirudi kuelekea barabarani, na uziache kenchi mbili za mwisho zikiwa zimeungwa na kulazwa chini. Mwachie mwenye kreni aende zake. Boila likifika Agosti, muite tena kwa siku moja: kreni isogee hadi mita 6 kutoka kwenye kitako, juu yake pakiwa wazi, iliweke boila, kisha mchana huo huo ipandishe kenchi mbili zilizobaki. Kwa mita 6 ya tani 25 ina uwezo karibu mara mbili ya mzigo wako. Kreni iliyopo mjini inaweza kuitwa mara mbili, jambo ambalo kwa ya Dar haliwezekani bila kulipia safari mbili. Na wote tunakumbuka Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar maeneo ya Somanga, huko Kilwa. Ratiba inayotegemea mashine nzito ivuke Kilwa kwa tarehe maalumu ni ratiba ya wasiwasi.

Mjenzi wa Lindi:

Nakubaliana na hesabu, lakini naomba kuongeza njia nyingine kuhusu boila. Sisi tuliwahi kuingiza mtambo wa uzito wa namna hiyo bila kreni ndani ya jengo lililokwisha ezekwa. Tuliuteremsha nje, tukauinua kwa jeki nne, tukaulaza juu ya mabomba mazito ya chuma, tukauvuta kwa cheni bloku, ile kapi ya mnyororo ya mkono, mpaka mahali pake. Ilichukua siku mbili na watu wanane, ila paa halikungoja. Jamvi lazima liwe limekomaa na liwe nene vya kutosha, vinginevyo bomba litalipasua. Kwa kuwa kitako chenu kina kimo cha nusu mita, mtahitaji kupanga magogo ya mraba na kupanda hatua kwa hatua kwa jeki, na hapo ndipo ajali hutokea watu wakiharakisha. Ningeiweka kama njia ya akiba, boila likichelewa kupita Septemba.

Opereta Mstaafu:

Mwanangu Msimamizi, nimesoma yote na hesabu za Mhandisi hazina kasoro. Nimeendesha kreni miaka mingi katika mikoa hii miwili, na naona hakuna aliyeuliza kuhusu ardhi. Kreni nilizoziona zikilala ubavu, mzigo wake ulikuwa ndani ya jedwali. Kilichoshindwa ni kilichokuwa chini ya mguu.

Chukua kalamu. Kreni yenyewe ina tani 30 hivi, weka na boila na vifaa vyake tani 6.4, ni tani 36.4. Mkono ukielekea juu ya mguu mmoja, mguu huo peke yake unaweza kubeba robo tatu ya jumla, yaani tani 27. Sahani ya chuma ya mguu ni kama nusu mita kwa nusu mita, robo ya mita ya mraba, kwa hiyo mchanga ulio chini yake unakandamizwa kwa zaidi ya tani 100 kwa mita ya mraba. Mchanga wetu wa huku, ukiwa umeshindiliwa vizuri, nisingeupa zaidi ya tani 15. Ukiwa umelegea, tani 10 au chini. Maana yake kila mguu unahitaji jukwaa la mbao ngumu au slipa (mataruma ya reli) zilizofungwa pamoja, lisilopungua mita 1.4 kwa 1.4 penye ardhi imara na mita 1.7 kwa 1.7 penye mashaka. Vipande viwili vya mbao za fomu vilivyookotwa kando havihesabiki.

Nikueleze lililonipata. Tulikuwa tunapandisha tangi la maji kwenye kiwanja kimoja, ardhi kavu, ngumu, gari lilipita juu yake bila kuacha hata alama ya tairi. Mzigo ulipofika juu ya mguu wa nyuma kushoto, nikaona povu la pima maji ndani ya chumba changu linaondoka katikati, polepole sana, kama mdudu anayetembea. Hakukuwa na kishindo wala mtu aliyepiga kelele. Nilishusha tangi hapo hapo lilipokuwa, na miguu yangu ilitetemeka niliposhuka. Tulipofukua tukakuta shimo la choo la zamani, limefunikwa kwa magogo na udongo, mwenye kiwanja mwenyewe hakulijua kwa sababu alikinunua kwa mtu mwingine. Tangu siku ile siweki mguu mahali ambapo sijachoma chuma ardhini na kuuliza wazee wa jirani palikuwa na nini.

Kwa hiyo uliza. Hapo palikuwa shamba au makazi? Wapi mmechimba na kufukia? Misingi ya nguzo zako mliifukia lini, na mlishindilia kwa tabaka au mlirudisha mchanga kwa koleo tu? Mguu usikae juu ya kifusi kipya cha msingi, wala ukingoni mwa mtaro.

Msimamizi wa Naliendele:

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kunisimulia. Leo asubuhi nimekwenda kwa jirani mzee, ameniambia upande wa barabarani palikuwa na nyumba mbili za udongo zilizobomolewa zamani. Tumechoma nondo kila baada ya nusu mita, na katika sehemu moja imezama karibu mita nzima bila kusukumwa kwa nguvu. Ni hatua tano tu kutoka kwenye kitako cha boila, mahali ambapo kwa mpango wa Mhandisi mguu wa kreni ungekaa. Tutapachimba, tupajaze moramu, udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15 na kushindilia kila tabaka.

Mwenye mradi amekubali ya tani 25, iitwe mara mbili. Nimemwomba mwenye kreni cheti cha ukaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na amenionyesha kimebakiza miezi miwili, kwa hiyo kwa kazi ya Agosti nimemtaka akihuishe kwanza. Limebaki jambo la upepo. Huu ni wakati wa kusi, na kenchi ya mita 24 ni ndefu.

Opereta Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi ya mtu mzima hapo kwenye shimo.

Kusi la hapa mara nyingi hutulia alfajiri na kuanza kukaza jua likipanda. Kenchi zipandishwe kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, baada ya hapo mshughulike na bolti na papi za kushikia mabati. Kikomo cha upepo kimeandikwa kwenye kitabu cha kreni, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa uzitazame jioni ya kila siku kabla ya kazi. Funga kamba mbili za kuongozea, moja kila ncha, na waliozishika wasizizungushe mkononi hata kidogo. Silingi zisilale sana: zikifika nyuzi 30 kutoka usawa wa kenchi, kila mguu wa silingi unabeba uzito wote wa mzigo badala ya nusu, na kenchi yenyewe inabanwa mpaka inapinda.

Kenchi ya kwanza ndiyo ya kuogopa kuliko zote, kwa sababu haina mwenzake wa kuishikilia. Usiruhusu ndoano ifunguliwe mpaka iwe imefungwa kwa nyaya pande zote mbili na nyaya zimekazwa, hata kama mwenye kreni anahesabu saa. Ya pili ikipanda, zifungwe papi na mihimili ya mshazari kati yake siku hiyo hiyo, msilale zikiwa zimesimama peke yake. Na mtoa ishara awe mmoja, aliyevaa koti la rangi tofauti, opereta asimsikilize mwingine isipokuwa kwa ishara ya kusimama, ambayo mtu yeyote kiwanjani ana haki ya kuitoa.