Nina akiba kidogo na hamu kubwa ya kuwekeza. Nianzie wapi?

MgeniWaHesabu
Wakuu, habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimya kimya muda mrefu, leo nimeona nijitokeze. Nimeajiriwa, sina mtoto bado. Ili hesabu iwe nyepesi na nisitaje mshahara wangu hadharani, chukulieni napata 100 kwa mwezi. Kodi ya nyumba 28, chakula 25, nauli 12, wazazi 10.

Katika miaka miwili nimejibana hadi nikafikisha akiba ya 60. Ipo benki, inapata riba ya 4% kwa mwaka, na nimeapa siigusi. Mwezi ukiwa mgumu nakopa 20 kwenye simu, baada ya siku 30 narudisha 23. Ni kweli nikisharudisha huwa nakopa tena maana mfuko unakuwa mtupu, ila sijawahi kuchelewesha hata siku moja.

Sasa rafiki yangu ameingia kwenye jukwaa la uwekezaji linalotoa 10% kila mwezi. Ameshalipwa mara mbili, nimeona meseji kwa macho yangu. Nafikiria kupeleka hizo 60 zote. Au ninunue hisa? Naomba kuwasilisha.

Kitimoto_cha_Mbele
Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wataalamu. Na mimi hali ni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba sina hiyo 60.

Daftari
Mkuu, kabla ya hisa, soma tena ulichoandika mwenyewe. Unakopa 20, unarudisha 23, unakopa tena. Ada ni 3 kila mwezi, sawa na 36 kwa mwaka, kwa deni ambalo halijawahi kupungua hata senti. Hiyo ni 180% kwa mwaka. Upande wa pili, 60 yako uliyoiapia inakuletea 2.4 kwa mwaka.

Yaani unalipa 36 ili usiguse kitu kinachokupa 2.4. Hakuna hisa wala hatifungani (yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) ya halali ninayoijua itakayokulipa 180%. Uwekezaji bora ulio nao leo ni kuchukua 23 kwenye hiyo akiba, ufunge deni, halafu ufute programu kwenye simu ili kidole kisikuponze.

Nisikuonee, nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa na akiba kwenye akaunti moja na deni kwenye nyingine, nikajiona mtu makini kwa sababu akiba haishuki. Inauma kuitoa, lakini inauma siku moja tu.

MgeniWaHesabu
Daftari, nimeisoma mara tatu. Sijawahi kuzidisha ile 3 mara 12. Kweli kabisa, sijawahi.

BibiWaMahesabu
Mwanangu, mimi nakuuliza la jikoni. 28 na 25 na 12 na 10 ni 75. Ada ya mkopo 3, akiba yako kwa wastani 2.5 kwa mwezi. Jumla 80.5. Hiyo 19.5 iliyobaki inakwenda wapi? Usinijibu kwa kukisia. Fungua meseji za miamala za mwezi uliopita, chukua karatasi, andika mmoja mmoja.

Mchambuzi Mpole
Niguse hilo la 10% kwa mwezi. Kama ni kweli, na faida unairudisha ndani, baada ya mwaka pesa imezidi mara tatu. Baada ya miaka 5 imezidi mara 300: hiyo 60 inakuwa zaidi ya 18,000. Mwenye mtambo wa namna hiyo angeomba 60 zako za nini? Angekopa benki akatajirika peke yake.

Na usidanganyike kwa kuwa rafiki kalipwa. Kulipwa mwanzoni ndicho chambo chenyewe. Mwaka 1920 kule Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya 50% ndani ya siku 45, kwa maelezo kwamba ananunua kuponi za posta nchi za nje na kuzibadilisha Marekani kwa thamani kubwa. Waliotangulia walilipwa kweli, kwa pesa za waliofuata. Mwaka ule ule mpango wake ukaanguka. Leo kuponi zimebadilishwa jina tu, mara ni sarafu za kidijitali, mara ni roboti ya kubashiri soko.

Waulize maswali mawili: mna leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, yaani wasimamizi wa serikali wa biashara ya uwekezaji? Faida inatokana na nini hasa? Jibu la leseni usilipokee kwao, kaangalie orodha ya mamlaka yenyewe.

Nahodha77
Mimi natofautiana kidogo na mnakoelekea, maana najua mtamwambia ajaze kwanza akiba ya dharura ya miezi 3 hadi 6 ndipo awekeze. Matumizi yake ya lazima ni 75, kwa hiyo miezi 3 ni 225. Akishalipa deni anabaki na 37. Akiweka 15 kwa mwezi, ni zaidi ya mwaka mzima bila kuonja uwekezaji. Wengi hukata tamaa hapo. Aanze na dharura ya mwezi mmoja, kisha kila mwezi agawanye: kubwa iende dharura, kidogo aweke kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ule wa pesa za watu wengi zinazowekezwa na msimamizi mmoja, ajifunze.

Daftari
Nahodha, akipoteza kazi mwezi wa pili atauza vipande vyake vya huo mfuko hata kama soko limeshuka. Ila nakubali, mtu anayejifunza kwa pesa yake mwenyewe hasahau. Labda 12 dharura, 3 mfuko.

Mchambuzi Mpole
Sawa, ila hata dharura isikae mahali pa 4% kama bei zinapanda kuzidi hapo, maana inaliwa taratibu. Kuna mifuko ya ukwasi inayowekeza kwenye amana na dhamana za muda mfupi, na pesa unaipata ndani ya siku chache. Uliza siku ngapi.

Mfuko wowote, angalia ada ya mwaka. 100 ikikua kwa 8%, baada ya miaka 30 ni karibu 1,006. Ada ikimega 2%, ukabaki na 6%, ni 574. Hakuna mwizi aliyeingia, ni asilimia mbili tu.

Hisa zipo, lakini ni za pesa usiyoihitaji miaka 5 ijayo au zaidi. Hisa ikishuka 50%, lazima ipande 100% ndipo urudi ulipokuwa. Ukinunua ya kampuni moja kwa sababu umesikia inapaa, umebashiri tu.

MgeniWaHesabu
Wakuu, mrejesho. Deni nimelipa, programu nimefuta. Akaunti inasoma 37. Nilijiona kama nimeibiwa, kisha tarehe ya kukopa tena ikapita na sikukopa. Ajabu sana.

Bibi, karatasi ninayo hapa. Makato ya kutuma na kutoa pesa 2. Bando 4. Wenzangu kazini wa "nitakurudishia mwisho wa mwezi", 4. Mikeka ya mpira, yaani kubeti, 5. Hiyo 4.5 iliyobaki nimeitafuta hadi usiku, sijaiona.

Rafiki nimemuuliza hayo maswali mawili, kaninunia. Kasema nina roho ya umaskini.

BibiWaMahesabu
Atanuna, ataacha. Mikeka umeifanyaje?

MgeniWaHesabu
Nimepunguza hadi 1, wa wikiendi tu. Nimeuandika kabisa kwenye bajeti chini ya burudani. Msinihukumu.