Nani aliwahi kuandikwa "mpiga kelele" na rafiki yake wa damu? Tukutane hapa

Dawati la Nyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Swali la Jumapili hili, halina siasa ndani. Mliosoma shule za msingi za serikali miaka ya themanini na tisini, ile karatasi ya wapiga kelele mnaikumbuka? Mwalimu akitoka kwenda ofisini, au hayupo kabisa kaenda mjini kufuata mshahara, monita anachana karatasi katikati ya daftari (katikati, ili zitoke mbili), anaandika juu WAPIGA KELELE, anapiga mstari kwa rula, halafu anasimama kule mbele anatukodolea macho kama mgambo wa soko. Sasa monita wetu ndo alikuwa rafiki yangu wa damu, kwao na kwetu ni ukuta mmoja, tunakula kwao tunakula kwetu, tairi tunasukuma moja kwa zamu. Akishashika ile karatasi hanijui.

Na ilikuwa na ngazi zake. Jina tupu ni fimbo mbili. Ukiendelea anaongeza "sana". Ukijifanya kumbembeleza akufute anaongeza "zaidi", mana kubembeleza nako ni kelele. Kuna siku nimeandikwa "sana zaidi na anatukana", na wala sikutukana, nilimwambia tu ana kichwa kikubwa, kitu ambacho hata mama yake mzazi alikuwa anakisema kila akimnyoa. Ticha akaingia, akasoma karatasi kimya, akavua saa akaiweka mezani. Mliochapwa zama zile mnajua mwalimu akivua saa inamaanisha nini.

Sasa kinachonishinda mpaka leo ni hiki, saa nne tukitoka mapumziko yule yule anakuja na muhogo wake wa kukaanga, kaupaka pilipili, ananimegea nusu kwa nusu, na mimi nakula huku makalio yanawaka moto. Tukimaliza tunaenda kucheza gololi.

Wa kwenu alikuandika? Na mlikuwa mnamhonga nini? Leteni visa.

Mama Wawili

Hahahaaa mkuu umenipeleka mbali jamani. Mimi nimesoma Iringa, vijijini huko, la kwanza nimeanza 1983. Nyie wa joto hamjui, mwezi wa sita Iringa asubuhi mnatoka mchakamchaka pekupeku nyasi zimejaa umande wa barafu mguu huusikii kabisa, ukifika darasani vidole havishiki penseli. Mimi na shoga yangu tulikuwa na sweta moja. La kwake, alirithi kwa kaka yake, kubwa linafika magotini. Tulichokuwa tunafanya, tunaingia wote wawili ndani, yeye anatoa mkono wa kulia mimi natoa wa kushoto, vichwa viwili kwenye shingo moja, tunakaa hivyo kwenye dawati tunaandika. Kwa bahati mimi natumia mashoto. Mwalimu alitukataza mara ya kwanza, baadae nae akaona baridi ni baridi akatuacha.

Basi monita akawa hajui atuandikeje mana tukicheka sweta zima linatikisika, hajui nani kaanza. Akaandika "SWETA, sana". Mwalimu kusoma, "Sweta simama". Tukasimama wote. Aisee yule mwalimu alicheka akakaa chini, siku ile hakuna aliyechapwa darasa zima.

Rushwa yetu sisi ilikuwa kuni. Kila mtu aje na kuni mbili za jikoni la shule, na zamu ya samadi juu, ile Elimu ya Kujitegemea aliyoitangaza Mwalimu Nyerere 1967 sisi tuliikuta ishafika kwenye shamba la mahindi la shule, jembe unakuja nalo mwenyewe. Kwahiyo ukimbebea monita kuni zake wiki nzima huandikwi hata ukipiga ngoma darasani. Uji wa saa nne tukipata ni wa unga wa yanga, ule wa njano, hauna sukari, na tunaugombania hivyo hivyo.

Mtu wa Nakuru

Nawasoma nikiwa Nakuru na mnaniua mbavu. Kumbe hii karatasi ilivuka mpaka! Huku kwetu monita alikuwa na karatasi yake pia, lakini kitu kilichokuwa kinatumaliza sisi ni diski. Wenye hamjui, diski ni kipande cha mbao kimetobolewa na kufungwa kamba, ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani unavishwa shingoni, na wewe inabidi utafute mwingine umvishe kabla ya jioni, mwenye ataenda nayo paredi ya jioni ndiye ataona moto. Sasa fikiria vile hiyo inafanya kwa urafiki. Beshte yangu wa toka nasari, tumekaa deski moja, amevaa diski tangu asubuhi, saa tisa inakaribia hajapata mtu. Akanikanyaga kidole cha mguu kwa makusudi, na kisigino. Manze, hakuna mtu duniani anakanyagwa kidole halafu analia kwa Kiingereza. Nililia kwa lugha ya mama yangu na ya nyanya yangu pamoja. Nikavishwa papo hapo, tena ananiambia pole.

Rushwa huku ilikuwa maziwa ya Nyayo. Moi alianzisha hayo maziwa 1979, yanakuja na lori, pakiti za pembe tatu, kila mtoto yake, bure. Ukisikia lori imefika getini hata hesabu inakatika ubaoni. Unang'ata ncha moja unafyonza polepole yasiishe haraka, ukimaliza unaipuliza ijae hewa, unaiweka chini nyuma ya mtu anayejiona, unaruka juu na miguu yote miwili, PAAA! Monita alikuwa anataka nusu pakiti na anajua kupima kwa macho, huwezi kumdanganya.

Mama Wawili hebu nieleze, unga wa yanga ni unga gani? Yanga si timu ya mpira?

Monita Mstaafu

Nimewasoma wote na sasa acheni niseme upande wa pili, mana naona hapa mnalia tu. Nimekuwa monita la tatu mpaka la sita, shule fulani Korogwe, kuzunguka ni mkonge mtupu. Hivi mnajua mwalimu akisikia kelele toka ofisini, halafu akija monita ana karatasi tupu, anachapwa nani? MONITA. Tena mbele ya darasa alilopewa kulilinda, na lile darasa linashangilia. Kwahiyo karatasi tupu hakuna, lazima majina yawepo. Sasa nimuandike nani? Kule nyuma kuna jamaa karudia darasa, kashaanza kuota ndevu, anakuja shule na panga la kukatia nyasi kila siku hata siku isiyo ya kukata nyasi. Nimuandike yule? Njia ya kurudi nyumbani ni katikati ya mkonge, kilomita na kilomita, ukiita mtu hakusikii. Niandike wasichana? Hao dada zao wako la saba wanakusubiri bombani. Niandike mtoto wa mwalimu? Haya.

Anabaki nani? Rafiki yangu. Rafiki yangu namuandika kwa sababu najua hatanipiga, hatamwambia mama, na kesho tutaongozana kuja shule. Hiyo ndo maana yake. Nyie mnaona usaliti, mimi nilikuwa naona imani. Na muhogo wa saa nne ulikuwa fidia, ilieleweka pande zote mbili bila kuandikishana.

Sijutii hata jina moja. Na gololi zenu za chuma zile za kwenye beringi mlizonihonga bado ninazo baadhi, ziko kwenye kopo la kahawa.

Dawati la Nyuma

Monita Mstaafu we mtu hatari, yani umenyoosha kama wakili. Sasa nijibu hili, mbona wa kwangu aliongeza "anatukana"? Hiyo nayo ilikuwa imani?

Monita Mstaafu

Hiyo ni kichwa chake mkuu, ulikitaja.

Bint Funguni

Khaa! Sie Unguja karatasi ilikuwepo skuli, lakini skuli ilikuwa afadhali. Shida ilikuwa chuoni, chuo cha Kurani. Asubuhi uko skuli, ukirudi unakula unaambiwa vaa kanzu au buibui lako nenda chuo, na huko hapaandikwi mtu, huko kuna bakora ya mwalimu ya kumfika kila mtu alipokaa yeye pale pale juu ya mkeka hanyanyuki. Ukikosa siku moja wanatumwa wanafunzi wakubwa wakufate kwenu. Kaka yangu alijificha juu ya mnazi. Si mwembe, mnazi, mana alijua mwembe watapanda. Wakakaa chini wanamsubiri huku wanasoma juzuu zao, wao hawana haraka. Jua likamchoma, majimoto, wale sisimizi wakali wa mnazi, wakamuingia kwenye kaptula, kashuka mwenyewe analia. Wakambeba mzobemzobe, wawili miguu wawili mikono, kupita madukani na sokoni, na wa mbele kabisa alomshika mkono wa kulia ni swahibu yake ambae jana yake walikwenda pamoja kuiba shokishoki. Kamuuliza njiani, "na wewe?" Kamjibu, "nisingekuja mimi wangenileta mimi."

Nyumbani mama kaona anapita kabebwa, badala ya kumtetea kawaambia wasubiri, kawapa na kitumbua kila mmoja kwa kazi nzuri.

Kimya Kimya

Mi sikuwahi kuandikwa hata mara moja miaka yote saba. Mwaka juzi nimekutana na monita wetu msibani, nimemtajia shule, mwalimu, dawati nililokaa na niliyekaa nae. Hanikumbuki kabisa.

Dawati la Nyuma

Kimya Kimya dah, pole mkuu, njoo nikununulie soda.

Mwl. wa Chaki

Mimi sasa ndo niko upande ule mwingine kabisa, nafundisha la tatu, shule ya serikali. Tangu elimu bila ada ianze 2016 darasani kwangu hawajawahi kushuka mia, dawati la watu watatu wanakaa watano na mmoja nusu yuko hewani. Karatasi bado ipo wakuu, wala haijafa. Fimbo siku hizi ina taratibu zake, mwalimu hajichapii tu ovyo, kwahiyo nikiletewa karatasi nawapa zamu ya kuokota makaratasi uwanjani, ila watoto wanaiogopa vile vile kwa sababu inasomwa kwa sauti.

Niwape siri ya ofisini. Zamani na sasa mwalimu hahitaji karatasi kujua nani anapiga kelele, sauti tunazijua kwa ukuta. Karatasi inatuonyesha nani kakosana na nani. Ukiona jina limekandamizwa mpaka penseli imetoboa, hapo kuna kesi ya barafu au ya kifutio. Na vifutio wanavyo vya dukani siku hizi, sisi tulikuwa tunakata kipande cha ndala, na ndala yenyewe ya mtu mwingine.

Juzi nimetoka nje ya mlango kidogo kupokea simu, ya mkopo, nikajikuta naongea kwa nguvu si mnajua simu za mkopo. Kurudi ndani monita wangu, katoto kadogo hakafiki hata ubao, kananikabidhi karatasi kwa mikono miwili kwa adabu zote. Majina manne. La nne, "Mwalimu, sana".

Nimeokota makaratasi na wao, ningefanyaje.

Mama Wawili

Mwalimu umeniua 😂😂 huyo mtoto mlindeni, ndo mkaguzi mkuu wa kesho.

Mtu wa Nakuru samahani nilichelewa kukujibu nilikuwa jikoni. Unga wa yanga ni sembe ya mahindi ya njano, yaliletwa ya msaada toka Marekani miaka ile ya njaa mwanzoni mwa themanini. Sisi tumezoea sembe nyeupe, kuona ugali wa njano watu wakaubandika jina la timu, mana Yanga wanavaa njano na kijani. Ugali wake una harufu yake, ukipoa unakuwa mgumu, mwiko unasimama wenyewe. Baba yangu alikuwa Simba kindakindaki. Siku ya kwanza kuwekewa akasukuma sahani, akasema yeye ndani ya nyumba yake hali kitu chenye jina hilo. Akalala hivyo. Siku ya pili tumemkuta jikoni usiku kainamia sufuria, anakwangua ukoko.

Mtu wa Nakuru

Aaai, mzee wa watu! Sasa si mngepaka rangi nyekundu.

Jangwani Damu

Kwahiyo tukubaliane tu, Simba wote mmekuzwa na Yanga. Asante mama.

Monita Mstaafu

Jangwani Damu, sana.

Dawati la Nyuma

Nilisema halina siasa ndani, nikasahau kusema mpira. Haya endeleeni, ila aliyekula vitu vya Azam (wale wa kampuni ya vyakula) peke yake saa nne bila kumegea mtu na yeye ajitokeze, tunamjua.